Marehemu wa Zamu

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mvua ilikatika kwenye mteremko wa Lamwenda. Vipimo vyote vya mvua vilikubaliana juu ya hilo, na Kokusima Rwegasira, aliyekuwa amesimama ng'ambo ya bonde kwenye uwanja wa mnada wa mifugo wa Hedulu, alilihakikisha kwa macho yake mwenyewe. Saa moja alitazama tena kishikwambi chake na kuona jambo la pili. Mvua ilikuwa imekatika, lakini maji ndani ya mteremko yalikuwa bado yanapanda.

Aliweka kikombe cha chai juu ya nguzo ya ua. Hakukigusa tena siku ile.

Maji ya mvua yakishazama ardhini huendelea kupanda kwa muda, kisha hulegea. Haya hayakulegea. Mstari wake kwenye kioo ulipanda moja kwa moja kama uliopigwa kwa rula, na mvua haijawahi kunyesha kwa rula.

Aliyepiga mstari huo alikuwa Mizani, mtambo wa taifa wa kupima hatari. Mizani ilikuwa imezika misumari ya kupimia kwenye kila mteremko wa nchi uliokuwa na watu chini yake, kila msumari mrefu kama mkono wa mtu mzima, na kila msumari ulisema mambo mawili tu: ardhi ina maji kiasi gani, na imesogea kiasi gani. Jana alasiri misumari ya Lamwenda ilivuka kiwango kilichowekwa na Sheria ya Kutangulia Maafa. King'ora kililia chenyewe. Hakikuhitaji waziri wala mkuu wa mkoa. Kabla jua halijazama, watu mia nne na kumi na mmoja walikuwa wamevuka daraja, wamevishwa bangili za kuhesabiwa na kugawiwa mablanketi kwenye mazizi ya mnada. Aliyeumia alikuwa mmoja, mzee aliyeteguka kifundo cha mguu kwa kukataa kushikwa mkono.

Sheria ilikuwa imefanya kazi kama ilivyoandikwa. Kokusima alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu alikuwa mmoja wa watu saba walioiandika. Bunge lilipoipitisha liliongeza sharti moja ambalo wenzake walilichukia: kila mwandishi wa Sheria, kwa zamu, apewe wilaya moja aisimamie kwa miaka mitatu. Yeye hakulichukia. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu na mteremko wake wa tisa. Kwenye mteremko wa kwanza alilia ndani ya gari. Siku hizi alijikagua kama anavyokagua vipimo: mikono haitetemeki, usingizi wa saa tatu, hamu ya chakula hakuna. Kisha aliendelea na kazi.

"Bi Afisa!" iliita sauti kutoka zizi la tatu. "Leo mbuzi jike anauzwa bei gani? Wanunuzi wamechelewa, na sisi hapa tumeshaoga."

Watu walicheka kidogo. Aliyeita alikuwa Namsembaeli Mrutu, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Lamwenda, mwanamke wa miaka sitini na kitu aliyelala usiku kucha kwenye zizi la mnada akiwa amejifunga kanga mbili, na aliyekuwa amekwisha kumwambia kila mwokoaji kwamba mama yake angemwonea aibu.

Kokusima alimwendea.

*

"Mama Mrutu, kule juu ya mteremko kuna maji gani?"

"Kuna mvua."

"Mvua imekatika."

"Basi kuna matope."

"Kwenye ramani kuna lambo. Limeandikwa lambo la ng'ombe, kavu."

"Kama limeandikwa kavu, kavu."

"Lamwenda hakuna ng'ombe."

"Ndiyo maana tukaliacha likauka," alisema Mama Mrutu, na mwanamke aliyekuwa anakoroga uji nyuma yake aliinamisha uso ili asionekane anacheka.

Kokusima hakucheka wala hakukasirika. Aligeuza kishikwambi ili mama yule auone mstari. Hakueleza. Mtu aliyegawa maji kwa miaka thelathini hahitaji kuelezwa mstari unaopanda ni nini. Mama Mrutu aliutazama, akatazama zizi la mwisho, halafu haraka akayarudisha macho yake chini.

"Ni nani yuko kule?" Kokusima aliuliza.

"Zamu ya mtu huku kwetu hatuisemi, Bi Afisa. Mwenye zamu ndiye husema. Ukimsemea umemvua nguo."

"Nitasema mwenyewe, shangazi."

Mwanamume aliyeinuka kwenye zizi la mwisho alikuwa mrefu, mwembamba, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alijitaja kuwa Sefania Mgonja. Mkewe, Eliwaza, yule aliyekuwa akikoroga uji, aliacha kukoroga.

Halikuwa lambo la ng'ombe. Ilikuwa ndiva, bwawa la mawe na udongo lililojengwa na babu zao kwenye kichwa cha mteremko kukusanya maji ya kijito, nayo haikuwa imekauka hata siku moja. Ilikuwa na midomo miwili. Mmoja ulipeleka maji kwenye mfereji uliokatisha mteremko mzima kwenda mashambani. Wa pili uliyamwaga korongoni, mbali na watu. Koo za Lamwenda zilipokezana zamu. Mvua kubwa ikianza, mwenye zamu alipanda, akaziba mdomo wa mfereji kwa kigogo kilichoviringishwa maganda ya mgomba na udongo, akafungua wa korongoni. Hakuna mwingine aliyegusa kigogo hicho. Vijana wa ramani walipokuja miaka sita iliyopita, kamati iliwadanganya, kwa kuwa kila bwawa lililoingia kwenye ramani liliwekwa chini ya ofisi ya maji, na ofisi ya maji haikujua koo wala zamu.

"Jana ilikuwa zamu yetu," alisema Sefania. "Nilibakiza kipande kidogo tu nifike. King'ora kikalia, spika zikasema kila mtu ashuke kutoka pale alipo. Nikashuka."

"Umeacha mdomo wa mfereji wazi."

"Wazi kabisa. Na ukuta wa mfereji una pengo, pale penye ufa wa mlima. Tulisema tutaliziba baada ya mavuno."

"Mbona hukusema jana?"

Sefania aliangalia mazizi yaliyojaa majirani zake. "Niseme nini? Mbele ya wote hawa? Nilijua mvua itakatika, maji yatapungua yenyewe."

Kokusima aliingiza ndiva kwenye Mizani: mahali ilipo, ukubwa wake, mdomo ulio wazi, pengo la mfereji. Ule mstari wa rula ulipata maelezo mara moja. Mizani iliandika kwamba maji yakiendelea kumwagika ndani ya ufa, mteremko ungeporomoka kabla ya saa nane mchana. Yakizuiwa kabla ya saa tano, ungebaki.

Kilichofuata hakikuhitaji mtambo. Nyumba za Lamwenda zilikuwa tupu. Mteremko ukiporomoka, usingeua mtu. Lakini chini ya Sheria, mteremko ulioporomoka uligeuka ardhi iliyofungwa. Haukulimwa tena wala kujengwa, si kwa wenyewe, si kwa wajukuu wao. Watu walipelekwa tambarare, kwenye makazi ya kudumu. Mteremko ukisimama siku thelathini, watu walirudi nyumbani.

Kokusima aliyajua makazi ya tambarare. Yalikuwa na umeme, zahanati na shule. Yalikuwa pia na takwimu zake, ambazo alikuwa amezisoma zote: baada ya mwaka wa tano, kati ya kila kaya tatu, moja ilikuwa bado inaishi pamoja.

*

Alipiga simu makao makuu. Mkurugenzi Lwitiko alipokea akiwa anatafuna kitu.

"Droni haiwezi kuziba mdomo wa bwawa," alisema baada ya kumsikiliza. "Zetu zina macho, hazina mikono. Mashine ya kuchimba iko safari ya siku mbili kutoka hapo. Una nini kingine?"

"Nina mtu anayejua kuliziba."

"Kokusima."

"Njia ya ukingoni inapita juu ya ufa mahali pamoja. Nimepima. Hatari kwa mtu mmoja atakayekwenda na kurudi ni moja kwa tisa."

"Kifungu cha tisa hakina mlango."

"Najua."

"Najua kwamba unajua. Wewe ndiye uliyeuziba. Mimi nilitaka tuuache wazi, ukanisomea Kisase mpaka nikanyamaza."

Katika maporomoko ya Kisase walikufa watu sitini na wawili. Tope la kwanza liliua kumi na wanne. Wengine wote walikuwa watu waliorudi: kuchukua godoro, kufungulia mbuzi, kutafuta waliorudi kabla yao. Na waokoaji waliowafuata. Rasimu ya kwanza ya kifungu cha tisa ilisema hakuna mtu atakayerudi eneo lililohamwa isipokuwa kwa kibali cha afisa. Kokusima aliyafuta maneno yale ya mwisho, kwa sababu afisa ni mtu, na mtu huombwa.

"Takwimu za Kisase zilikuwa sahihi," alisema.

"Mpaka leo ni sahihi," alijibu Lwitiko. "Pole na kazi."

*

Sajini Magesa, mkuu wa waokoaji, alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo. Walisimama wote kando ya lango la mnada: Kokusima, Magesa, Sefania, Eliwaza na Mama Mrutu. Lango lilikuwa lile lile la kuhesabia ng'ombe, la chuma, jembamba kiasi cha kupitisha mnyama mmoja kwa wakati mmoja. Sasa lilikuwa limewekewa kisoma bangili.

"Mama, hebu nielewe," alisema Magesa. "Huyu mzee akivuka kamba nyekundu ya mpaka na bangili yake inasema yuko hai, vijana wangu wanne wanamfuata. Siyo hiari. Ni Sheria."

"Akiikata?" aliuliza Mama Mrutu.

"Ikikatwa inalia vile vile. Mtambo unadhani mkono ndio umekatika."

"Akimwachia mke wake?"

"Inasoma damu, shangazi. Inamjua mwenyewe." Magesa alijikuna shingo. "Labda awe maiti. Maiti hatuifuati mpaka ardhi itulie." Alicheka peke yake. Kisha akamwona Kokusima. "Nilikuwa natania, mama."

"Najua. Lakini ni kweli."

Alikuwa ameshafika mwisho wa wazo hilo kabla Magesa hajamaliza kucheka. Kifungu cha ishirini na mbili kilihusu idadi ya vifo. Kabla ya Sheria, mafuriko fulani yaliwahi kuwa na idadi tatu kutoka ofisi tatu, na ile ya mwisho ilikuwa ndogo kuliko makaburi. Kwa hiyo waliandika kwamba kifo kikithibitishwa kwa vidole vya maafisa wawili, hakifutwi. Idadi ya vifo ingeweza kuongezeka, isingeweza kushuka kamwe, kwa amri ya mtu yeyote. Kwa miaka tisa nchi nzima iliamini namba hizo. Kokusima alikuwa na medali moja tu nyumbani kwake, na ilitolewa kwa ajili ya kifungu hicho.

Alieleza, akimtazama Sefania, polepole kama anayemsomea mtu masharti ya mkopo. Akiandikwa amekufa, bangili itajifungua. Mizani haitamfuatilia, na hakuna mwokoaji atakayehatarisha maisha kwa ajili yake. Atapanda, atafanya kazi yake. Akirudi, atakuwa bado amekufa. Atakuwa hana kitambulisho, hana kura, hana matibabu, hawezi kununua wala kurithi.

"Mahakamani?" aliuliza Sefania.

"Tuliizuia mahakama."

"Rais?"

"Huyo ndiye tuliyemzuia kwanza."

"Na shamba?"

"Linakuwa la mkeo na watoto papo hapo."

"Basi halijatoka nyumbani." Alifikiri. "Na nikifa kweli?"

"Kwenye rekodi hakuna kitakachobadilika."

Sefania aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei na kuiona ni ile aliyoitarajia.

"Mimi sijaulizwa," alisema Eliwaza. Mwiko wa uji ulikuwa bado mkononi.

Kokusima alimgeukia. "Nakuuliza."

"Unaniuliza kama nataka kuwa mjane."

"Ndiyo."

Eliwaza aliutazama mteremko ng'ambo. Kwa mbali mabati ya nyumba yao yalionekana, na migomba, na kilele ambako ukungu ulikuwa unaanza kuachana na miti. Alipogeuka aliangalia miguu ya mumewe.

"Baba Nakijwa, hivyo viatu vinateleza," alisema. "Azima mabuti ya huyu askari."

Magesa alivua mabuti yake bila kuambiwa mara ya pili. Alipobaki na soksi alimsogelea Kokusima na kusema kwa sauti ya chini, "Mimi naweka kidole kwa sababu ya wale vijana wanne. Ukiniuliza kesho, nitasema hivyo."

"Sema hivyo. Ni kweli."

"Na wewe unaweka kwa sababu gani?"

Kokusima alilitafuta jibu kwa uaminifu. Alijua sababu za kukataa, alizipanga zote na kila moja ilikuwa na takwimu zake. Akimwandika mtu huyu, kuanzia leo kungekuwa na kifo kimoja cha uongo ndani ya hesabu ambayo haikuwahi kuwa na uongo, na yeyote ambaye angetaka kuitilia shaka hesabu nzima angehitaji hicho kimoja tu. Upande wa pili kulikuwa na mabati, migomba, na mtu aliyeona aibu. Hakuhisi upande wowote ukimvuta.

"Moja kwa tisa ni ndogo," alisema hatimaye. "Na ni yeye mwenyewe aliyechagua."

Haikuwa sababu, na wote wawili waliona hivyo. Alijaza jina. Chanzo cha kifo kilihitajika, akachagua "maji". Aliweka kidole. Magesa aliweka cha kwake. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Bangili iliachia mlio mdogo na kuanguka chini. Wakati huo huo simu ya Eliwaza ilitetemeka kwenye mfuko wa aproni. Aliitoa, akaisoma kwa sauti, kwa kuwa alizoea kumsomea mumewe ujumbe wa simu.

"'Serikali inaungana nawe katika kipindi hiki kigumu cha kuondokewa na mume wako mpendwa, Sefania Mgonja.'"

Sefania, akifunga kamba za mabuti, aliinua uso.

"Hawa wamewahi," alisema. "Mbolea ya ruzuku tuliingoja misimu miwili."

Mama Mrutu alicheka kwa nguvu, kicheko cha ghafla kilichogeuka kikohozi, na akawa wa kwanza kuondoka pale langoni. Sefania alivuka kamba nyekundu. Hakuna kilicholia.

*

Mpaka saa nne mstari uliendelea kupanda.

Kokusima alikuwa amekaa kwenye jukwaa la dalali, mahali palipokuwa na kivuli na mtandao mzuri. Aliagiza droni ipite juu ya ukingo. Mizani ilijibu kuwa hakuna mtu aliye hai katika eneo hilo. Aliagiza tena, akataja marehemu kwa jina. Mizani ilijibu kuwa miili itatafutwa ardhi ikitulia, na ikaorodhesha namba za huduma ya ushauri kwa wafiwa.

Eliwaza alimaliza kugawa uji. Aliosha sufuria, akaifuta, kisha akaiosha tena.

Saa nne na dakika kumi, kipimo cha kijito chini ya korongo kilipanda ghafla. Kokusima alikitazama mpaka alipohakikisha si kosa la chombo. Maji yalikuwa yameanza kwenda korongoni. Mdomo wa pili ulikuwa umefunguliwa.

Saa nne na nusu, mstari wa mteremko ulilala.

Alishuka jukwaani kwenda kuwaambia. Hakufika. Sauti ilisikika kwanza, nzito na fupi, kama lori linalomwaga mawe, na watu wote kwenye mazizi wakasimama. Juu kabisa, pale penye ufa, kipande cha ukingo chenye miti kiliachana na mlima, kikateleza, kikakwama kwenye miamba. Palibaki kidonda chekundu cha udongo. Chini yake mteremko haukusogea. Misumari yote ilithibitisha hilo. Kipande kilichoanguka kilikuwa kidogo, kisichofikia kiwango cha kuitwa maporomoko kisheria.

Njia ya ukingoni ilikuwa imepita hapo hapo.

"Alikuwa ameshamaliza?" aliuliza Mama Mrutu. Safari hii hakumwita Bi Afisa.

"Alikuwa amemaliza kuziba. Mengine sijui."

"Hiyo mashine yako inasemaje?"

"Inasema amekufa."

"Ilisema hivyo asubuhi."

"Ndiyo," alisema Kokusima. "Haina cha kuongeza."

Eliwaza alikuwa amefika, anafuta mikono kwenye aproni. Hakulia. Alisimama karibu na Kokusima kiasi kwamba mabega yao yaligusana, na Kokusima, ambaye kwa desturi angesogea, hakusogea. Walikaa hivyo, wakitazama kidonda kile chekundu, mpaka jua lilipofika utosini na Magesa akawaletea maji wakiwa bado wamesimama, yeye mwenyewe akiwa na soksi tu.

*

Saa nane na robo mchana mtu mmoja alitokea upande wa korongo, upande ambao hakuna aliyekuwa anautazama. Alikuwa na udongo mwili mzima, buti moja, na fimbo ya kutembelea mkononi. Alikuja mpaka kwenye lango la chuma. Kisoma bangili hakikuona kitu. Lango halikufunguka.

"Nimerudi kwa chini," alisema Sefania. "Kule juu hakupitiki."

Kisha Mama Mrutu akasema, "Mpeni chakula. Marehemu amerudi na njaa."

Eliwaza alileta sahani ya makande. Mashine ya chakula ilikuwa inatoa sahani kwa bangili, kwa hiyo hiyo ilikuwa sahani yake yeye. Aliipitisha kati ya vyuma. Sefania alikaa chini nje ya lango, akala kwa mkono, na mkewe akachuchumaa ndani, akimwangalia anavyotafuna.

Simu ya Kokusima iliita.

"Nimeona taarifa," alisema Lwitiko. "Mteremko umesimama. Sijui umefanyaje, na nadhani sitaki kujua. Kifo kimoja tu. Kwa mteremko kama ule, ni mafanikio."

"Amerudi."

"Nani?"

"Huyo mmoja."

Upande wa Lwitiko mlango ulisikika ukifungwa.

"Kuna mtu mwingine anajua?"

"Kijiji kizima. Anakula makande."

"Sikiliza. Namba haishuki. Hata nikitaka, hakuna kitufe. Na ikijulikana kwamba mmoja ni wa uongo, kesho asubuhi kila mwenye kesi ya fidia nchi hii atasema na wa kwake ni wa uongo. Wale wa kaskazini, wale wa ziwani, wote. Tutarudi kule kule kwenye idadi tatu. Unanielewa? Hii ni kazi yako kuliko ilivyo yangu."

"Nakuelewa."

"Asiingie kambini. Akiingia, kuna watu zaidi ya hesabu, na hesabu itapiga kelele. Aende kwa ndugu zake mbali. Watu wa milimani wana ndugu kila mahali. Mwambie kwa heshima."

"Hayo yote ni sahihi," alisema Kokusima, na akaikata simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mkubwa wake.

Alifungua daftari la matukio la Mizani. Sheria ilimtaka aandike kila alichokiona kwa macho, na hicho ndicho kifungu pekee alichokipenda. Aliandika: "Saa nane na robo, Sefania Mgonja amerudi akiwa hai."

Mizani ilijibu: "Halikubaliki. Aliyetajwa ni marehemu. Rekebisha jina."

Alifuta jina. Aliandika: "Mwanamume mmoja amekaa nje ya lango la mnada, anakula."

Mizani ilijibu: "Hakuna bangili nje ya lango. Hakuna mtu."

Aliyasoma maneno hayo mara mbili. Hayakuwa na kosa. Mtambo ulikuwa unafuata kile ulichofundishwa, na waliouandikia mafunzo walikuwa saba, na yeye alikuwa hodari kuliko wengine. Alijikagua kama kawaida yake. Mikono ilikuwa inatetemeka kidogo. Alikiweka kishikwambi juu ya nguzo ya ua, kando ya kile kikombe cha chai ya asubuhi, akateremka kuelekea langoni.

Alilipitia kwenda nje. Kisoma bangili kikamtambua, lango likafunguka na kujifunga nyuma yake. Sefania aliinua uso kutoka kwenye sahani.

"Niondoke, Bi Afisa?"

"Umemaliza kula?"

"Nimemaliza."

"Simama basi. Nishike mkono, na usibaki nyuma hata hatua moja. Hapa panapita mmoja mmoja."

Alisimama. Mkono wake ulikuwa baridi na umejaa udongo. Ndani ya ua watu walikuwa wamesogea mpaka karibu na vyuma, na Magesa, aliyetakiwa kuzuia, alikuwa amegeuka anakagua soksi zake.

Kokusima aliinua bangili yake mbele ya kisoma.

Saa tisa kasoro dakika tano lango lilifunguka. Mizani iliandika kuwa ameingia mtu mmoja. Waliingia wawili.